Kilima cha Manga na Haja ya Mama Msafiri



Familia nyingi za pwani siku hizi zina sababu ya kufika Kisii: kijana anasoma Chuo Kikuu cha Kisii, au binti ameolewa huko, au ni mambo ya biashara. Safari ni ndefu. Ukishaipita Nairobi bado zipo Narok, Bomet na Sotik, kisha Keroka, mji ambao nusu yake ni kaunti ya Kisii na nusu ni Nyamira. Aliyesafiri hivyo pamoja na mama na watoto ana haki ya kuiona nchi kabla ya kurudi. Na nchi ya Wagusii yapendeza: migomba, mashamba ya chai, mvua karibu mwaka mzima, na kule Tabaka mafundi wachongao mawe ya sabuni.

Ila nchi hiyo imejaa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,260,000 katika kaunti ya Kisii, ambayo eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 1,300. Hakuna mbuga ya taifa Kisii wala Nyamira. Iliyo karibu ni Ruma, katika bonde la Lambwe, Homa Bay. Kwa hiyo mapumziko ya watu huko hutafutwa vilimani, na kilima kijulikanacho zaidi ni Manga, ukingo mrefu wa majabali ulioko Nyamira, unaoutazama mji wa Kisii. Huko ndiko liliko pango la Ngoro ya Mwaga, lenye visa vya wazee wa Kigusii. Wenyeji husema kwamba siku ya anga safi jicho hufika hadi Ziwa Viktoria.

Mahali kama hapo ni pa nani? Kijana wa kiume hupanda kilima chochote, na akibanwa na haja hujificha kichakani. Mama mwenye mtoto mgongoni, bibi mwenye maumivu ya magoti, au msichana aliye katika siku zake, hawawezi hayo. Wao hubaki garini, au huacha kunywa maji tangu asubuhi. Pasipokuwa na choo, palipoitwa pa umma huwa pa wanaume peke yao.

Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kukidhi haja njiani, kivulini na penye maji. Katazo hili lina maana kubwa zaidi juu ya kilima, kwa kuwa uchafu wa juu huteremshwa na mvua hadi kwenye chemchemi za walio chini. Choo kilichojengwa vizuri humsitiri mama, na papo hapo huyahifadhi maji ya jirani.

Mifano tunayo. Kwetu Bamburi, machimbo ya saruji yaliyokuwa makavu yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 na René Haller, na leo watoto wetu hutembea humo kivulini. Msitu wa Karura, Nairobi, ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi, una njia zenye alama, vyoo na viwanja vya hafla.

Uwanja wa hafla nao una adabu yake. Harusi ya watu mia tatu ikiwekwa penye miche michanga, huacha udongo mtupu. Uwanja uchaguliwe palipo wazi tayari, mbali na genge kwa usalama wa watoto, na taka zirudi na waliozileta. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa nchini. Ni desturi njema kwa kila kilima.

Muislamu huhitaji machache: bomba la kutawadhia, sakafu safi yenye pazia upande wa wanawake, na alama ya kibla, ambayo huko ni kaskazini ikielekea mashariki kidogo. Wagusii wengi ni Wakristo, na maji hayo hayo na choo hicho hicho vitamfaa mwalimu wa Kigusii aletaye darasa lake.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti bustani na sehemu za mapumziko, na bajeti za kaunti hupita katika vikao vya kuwasikiliza wananchi. Mama zetu wakaao Kisii na Nyamira wasiviache vikao hivyo kwa wanaume. Waseme wao wenyewe, kwa kuwa haja hii waijuao ni wao.

Nawe msafiri, salini mjini kabla ya kupanda, chukueni birika la maji, na msiwapandishe wazee pasipo kwanza kuwauliza wenyeji kama choo kipo. Teremkeni kabla ya mvua ya alasiri. Wabillahi tawfiq.