Kilo Chache Mkononi

Kwa miaka minne nilivuta pusupusu kati ya soko la mtaa wa Kenya na mtaa wa Katuba, na miaka yote hiyo niliamini kwamba mzigo hushindwa kwa kifua. Pusupusu ni mkokoteni wetu wa Lubumbashi: sanduku la mbao juu ya ekseli moja, magurudumu mawili, mikono miwili ya chuma, na kijana katikati ya hiyo mikono. Nilibeba unga wa bukari, simenti, magunia ya makala, yaani makaa, na matofali yale yanayofyatuliwa kwa udongo wa vichuguu. Asubuhi nilikunywa pombe kali ya lutuku kidogo, kwa kuwa wakubwa wa kazi walisema inafungua mishipa. Jioni mgongo uliwaka kama jiko, nikadhani ndivyo mwanaume anavyopaswa kulala.

Nilikuwa nimesoma hadi mwaka wa tatu wa sekondari kabla ada haijatushinda nyumbani. Sheria za Newton nilizijua kwa Kifaransa, na hadi leo naweza kuzitamka bila kukosea hata neno. Zilikaa kichwani kama sala ya lugha ya wageni. Haikunijia hata siku moja kwamba zilikuwa zinazungumza juu ya kile nilichokuwa nacho mikononi.

Lazima nieleze jambo nililomfanyia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwa sababu bila hilo nisingebadilika. Alikuwa na miaka kumi na sita, ameanza kazi wiki hiyohiyo. Nilimpenda, nikataka kumrahisishia. Nilishagundua, bila kujua kwa nini, kwamba ukisogeza mifuko nyuma ya sanduku mikono inakuwa miepesi. Basi nikampangia mifuko ya unga kumi na miwili, ya kilo 25 kila mmoja, nikairundika juu kwa juu, nikaivuta nyuma mpaka mikono ya pusupusu ikakaa kama unyoya. Akanyanyua, akacheka, akiniita yaya, yaani kaka: “Yaya, huu muzigo hauko na kitu!” Nilijivuna.

Ilikuwa Januari, udongo mwekundu umelowa. Kwenye tambarare alikwenda vizuri. Tulipofika kwenye mpando, pusupusu ikainama nyuma pamoja na njia, mikono ikaruka juu, naye akaning’inia nayo badala ya kuiachia, kwa sababu nilimfundisha kwamba mzigo wa mteja hauachiwi. Mifuko ikamwagika. Sanduku tupu likarudi kwa kishindo, likamshusha, gurudumu likapita juu ya mguu wake. Mfupa wa muundi ulivunjika mara mbili. Mpaka leo anachechemea.

Watu walisema bahati mbaya. Wengine walisema kuna jirani mwenye jicho baya. Mimi ndiye niliyeipanga ile mifuko, lakini sikuweza kusema nilikosea wapi, na kutojua huko kulinitesa kuliko lawama.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyestaafu kwenye karakana za reli. Aliniona nakokota mzigo wa simenti nikiwa nimekunja uso, akanisimamisha chini ya mwembe wake. “Mutoto,” akasema, “muzigo hauchokake. Ni weye unachoka.” Akaazima mizani ya kuning’iniza kwa muuza makala, akaifunga kwenye tawi, na kwenye ndoano ya mizani akaning’iniza mikono ya pusupusu yangu, mahali ninaposhika mimi. Nilikuwa na mifuko sita ya kilo 50, yaani kilo 300. Mshale ukasimama karibu na 60.

“Kilo 60 unazibeba kwa mikono kabla hujavuta hata hatua moja,” akasema. Kisha akanitaka nisogeze mifuko yote shubiri moja kuelekea nyuma, kama sentimita 20. Mshale ukashuka mpaka kama 20. Kilo zilikuwa zilezile 300, na mimi ni yuleyule. Nilijua kwamba kusogeza nyuma hurahisisha, lakini si kwa kiasi hicho; nilizunguka pusupusu mara mbili nikitafuta ujanja alioufanya.

Hakukuwa na ujanja. Pusupusu ni wenzo, akaeleza, na ekseli ndiyo egemeo lake. Toka kwenye ekseli mpaka mikononi kulikuwa na sentimita 150. Mwanzoni katikati ya mzigo palikuwa sentimita 30 mbele ya ekseli: 300 mara 30, gawa kwa 150, ni 60. Baada ya kusogeza palibaki sentimita 10: 300 mara 10, gawa kwa 150, ni 20. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi. Archimedes wa Syracuse, aliniambia, alikwisha kuiandika hesabu hiyo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kwa mara ya kwanza maishani hesabu ilinipa jibu ambalo viganja vyangu vilikwisha kulijua.

Nikamwuliza, na sauti ilinitetemeka: ukisogeza zaidi, mikono ikawa haina uzito kabisa? Alinitazama kwa muda. Habari ya mdogo wangu alikuwa ameisikia. Akatuma mjukuu wake alete ubao na tofali. Akalaza ubao juu ya kigongo, akasimamisha tofali wima mahali ambapo ubao umesawazika, kisha akauinamisha kidogo tu. Sehemu ya juu ya tofali ikapita upande wa pili wa kigongo, na ubao wote ukapinduka. Mzigo mrefu uliosawazika kwenye tambarare hausawaziki kwenye mpando, kwa sababu njia ikiinama, uzito wa juu unahamia nyuma ya ekseli. Mikono ilikuwa kama unyoya kwa sababu mzigo ulikuwa umesawazika juu ya ekseli. Ule wepesi niliojivunia ulikuwa ndio hatari yenyewe. “Acha kilo chache mkononi,” akasema. “Na vizito vikae chini.”

Nililia pale chini ya mwembe, mtu mzima. Sikuona aibu, na mzee hakunikataza.

Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada. Alinifundisha kwa Kiswahili, na pale neno lilipokosekana alitumia la Kifaransa, tukaendelea. Tulipima ule mpando wa ajali kwa mpira wa maji wa waashi: katika mita 24 za njia, kimo kinapanda mita 2. Pusupusu na mzigo wake, kilo 360 tuseme, inataka uvute kama unainua kilo 30 mfululizo, hata kabla ya kuhesabu matope na msuguano wa ekseli kavu. Ukipanda kwa kukata njia kwa mshazari, ukatembea mita 48 badala ya 24, unavuta kilo 15 tu. Lakini unazivuta kwa njia iliyo ndefu mara mbili. Kimo ni kilekile, na kazi ni ileile. Mashine haikupunguzii kazi, inakuruhusu uilipe kidogokidogo. Nilipoelewa hilo, lutuku haikuwa tena na maana kwangu. Hakuna kinywaji kinachobadilisha mita 2 za kimo, na hirizi ya mkononi haihamishi ekseli.

Alipenda kunionyesha reli, na macho yake yaling’aa akizitaja. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na mji ukazaliwa pamoja nayo. Gurudumu la chuma juu ya chuma halina msuguano mwingi, ndiyo sababu kichwa kimoja cha treni kinavuta mabehewa mengi. Na kwa sababu hiyohiyo hakiwezi kupanda mlima mkali, kitateleza. Kwa hiyo waliojenga walitafuta njia ya miinuko ya polepole, hata kama ingezunguka. Nilikuwa nimevuka reli hizo tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini zinajipinda.

Mzee amefariki. Mimi nimejifunza kuchomelea, na sasa natengeneza pusupusu Katuba. Mteja akija namwuliza kwanza atabeba nini. Makala ni mepesi lakini magunia yake ni marefu. Simenti ni fupi na nzito. Ekseli haiwezi kukaa mahali pamoja kwa yote. Wengine wanakasirika, wanataka bei tu. Siwauzii mpaka wajibu.

Nyuma ya kila pusupusu nachomelea mguu mfupi wa chuma usiofika chini. Mikono ikiruka, mguu huo unagonga ardhi na sanduku haliwezi kupinduka. Naweka pia kipande cha tairi kuukuu cha kubana gurudumu kwa kamba, kwa ajili ya miteremko, na vijana nawaambia jambo ambalo mwendo hausamehe: ukiongeza kasi mara mbili, mahali pa kusimama panakuwa mbali mara nne. Mkokoteni wenye kilo 300 unaendelea kwenda mpaka kitu kiuzuie, na mtoto anayevuka barabara anaweza kuwa ndicho hicho kitu. Sheria ile ya kwanza ya Newton, niliyoiimba kwa Kifaransa darasani, ilikuwa inasema hivyo tangu mwanzo.

Mdogo wangu anafanya kazi nami. Kabla pusupusu mpya haijatoka, tunaipakia mifuko ya mchanga, tunaipeleka kwenye mpando uleule, naye ananyanyua mikono huku nimesimama nyuma. Hahitaji mizani. Jumamosi iliyopita alinyanyua, akafumba macho kidogo, akaishusha.

“Yaya, sogeza mfuko mmoja mbele.”

Nikausogeza.