Nani Aliwaua Leila na Rafaela?

Kila mwalimu wa fasihi hufundisha kwamba mhusika hafi kwa bahati. Mtunzi ndiye ampaye pumzi na ndiye amnyimaye. Kwa hiyo tunawaagiza wanafunzi wetu wapime kama kifo kimechipuka katika msuko wa hadithi, au kimeletwa tu ili kumwondolea mtunzi taabu. Nimekitumia kipimo hicho, ndugu msomaji, katika jambo ambalo wengi wetu huliona jioni sebuleni na kulinyamazia asubuhi katika chumba cha walimu: namna watu wapendao wenzao wa jinsia moja wanavyochorwa katika tamthilia za televisheni. Nitajihusisha na Brazil, kwani tamthilia zake ndizo nilizozifuata kwa miaka mingi.

Kwanza neno lenyewe. Katika pwani mwanamke humwita mwenzake "shoga" kwa mapenzi ya urafiki, na papo hapo neno hilo hilo hurushwa kama jiwe kwa mwanamume. Mimi sitalitumia. Nitasema watu wawili waliopendana, na msomaji atawajua kwa majina yao.

Tamthilia ya Brazil huandikwa huku ikionyeshwa, jioni sita kwa juma, kwa miezi saba au minane. Mtunzi hutangulia majuma machache tu mbele ya watazamaji, na kituo cha Globo huwakusanya baadhi yao na kuwauliza wampendaye na wamchukiaye. Yaani ni uhusiano ule ule wa fanani na hadhira tunaousomesha katika fasihi simulizi: msimulizi huangalia nyuso, akiona zimekunjamana hugeuza hadithi.

Sasa tazama. Mwaka 1998 Sílvio de Abreu alitunga *Torre de Babel*, na ndani yake akawaweka Leila na Rafaela, wanawake wawili watu wazima wenye kazi zao, wanaoishi pamoja kwa utulivu. Hawakumwibia mtu, hawakumwua mtu. Watazamaji wengi wakawakataa. Jengo kubwa la maduka likalipuka, na wote wawili wakafa humo. Mwanafunzi akiniletea insha yenye kifo cha namna hiyo, humwandikia pambizoni kwa wino mwekundu: umemfuta mhusika, hukumwua.

Sisemi kwamba kila kifo ni kifutio. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1988, *Vale Tudo* iliwaonyesha Cecília na Laís, wenye nyumba ya wageni kando ya bahari. Wakaguzi wa serikali, ambao siku zile walikuwa hawajaondolewa, walikata baadhi ya mazungumzo yao. Cecília akafa katika ajali ya gari. Lakini kifo chake kilifanya kazi: ndugu yake, Marco Aurélio, akaitaka mali, na Laís akabaki na uchungu wa mjane bila kuwa na jina la mjane mbele ya sheria. Mtazamaji aliyekuwa hawapendi alilazimika kujiuliza mrithi ni nani. Hiki ni kifo chenye swali ndani yake.

Ya mwaka 2005 nitayapitia upesi. Katika *América* vijana wawili, Júnior na Zeca, walipigwa picha wakibusiana kwa ajili ya sehemu ya mwisho. Picha ikabaki kabatini.

Nakuja kwa Félix. *Amor à Vida*, iliyotungwa na Walcyr Carrasco, ilianza tarehe 20 Mei 2013, siku chache tu baada ya ofisi za ndoa za Brazil kuamriwa kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja. Félix ni mwovu. Katika sehemu ya kwanza kabisa anamchukua mtoto mchanga wa dada yake na kumtupa jalalani. Kwa muda mrefu niliona hapo kalibu ile ya kale, mwanamume wa madaha ambaye ama huchekwa ama huogopwa. Hata hivyo ulimi wake ulikuwa mtamu, na viapo vyake vya kuchekesha, alivyovichota katika habari za Biblia, viliwafanya watu wamsamehe kabla ya kutubu. Mtunzi akaziona nyuso za hadhira. Mhusika bapa akaanza kuwa duara: akafukuzwa nyumbani, akauza vitafunio barabarani, akapendana na mpishi mmoja aitwaye Niko.

Tuliitazama hapa Bujumbura pamoja na mama mkwe wangu, mke wangu akimfasiria maneno, na mimi nimekaa kiti cha karibu na mlango kama adabu ya ukwe inavyotaka. Félix na Niko walipobusiana, katika sehemu ya mwisho ambayo Wabrazili waliiona tarehe 31 Januari 2014, mama alijifunga upya khanga yake bila kusema neno. Kisha ikaja picha ya baba, César, aliyemwonea mwanawe haya maisha yake yote. Sasa ni kipofu na dhaifu, na anayemtunza ni Félix. Wakiwa ufukoni, baba anamwambia kwamba anampenda. Hapo mama alilia kwa sauti.

Shemeji yangu, mwanawe wa tatu, hajakanyaga nyumba ile kwa miaka 11. Nchini kwetu, tangu mwaka 2009, sheria huwaadhibu watu wa namna yake, lakini si sheria iliyomtoa nyumbani. Ni baba yake. Jina lake halitajwi mezani, na picha yake haipo ukutani. (Amenipa ruhusa kuyaandika haya mradi nisimtaje.) Usiku ule, sahani zilipokwisha kuondolewa, mama alimwuliza mke wangu kama namba ya simu ya kaka yake ingali ile ile.

Baadaye nilimsimulia *Babilônia* ya mwaka 2015. Usiku wa kwanza tu, Fernanda Montenegro na Nathalia Timberg, waigizaji wawili wakongwe, walibusiana kama mke na mume. Wabunge wa kidini wakahimiza watu wasiitazame, watazamaji wakapungua, na tamthilia ikafupishwa. Mama aliniuliza mabibi hao wana umri gani. Nikamjibu kuwa mwaka ule kila mmoja alikuwa na miaka 85.

"Wana mtoto?"

Nikamwambia kuwa yupo kijana waliyemlea.

"Naye huja kuwaona?"

"Huja, mama."