Udongo Chini ya Miguu ya Askari

Kisanamu cha askari kinachotumika katika michezo ya vita ya mezani huwa na urefu wa milimita 28 hivi, kutoka nyayoni hadi machoni. Kofia haihesabiwi. Huuzwa kikiwa chuma kitupu cha kijivu, na anayekinunua ndiye anayekipa rangi ya ngozi, ya nguo na ya bunduki, kisha anakitengenezea ardhi ya kusimamia. Mchezo wenyewe si wa jana. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni zake, Little Wars, mwaka 1913. Tangu wakati huo umegawanyika katika vipindi vingi vya historia, na kimojawapo ni vita vya ukoloni barani Afrika: Wazulu, wafuasi wa Mahdi kule Sudan, na sisi wa Maziwa Makuu.

Mimi nilianza kwa sababu ya boksi moja. Mjomba wangu anayeishi Uingereza anajua kuwa napenda kuchora, akaniletea visanamu 13: afisa mmoja wa Kizungu na watu 12 waliovaa tarbushi. Juu ya boksi palikuwa na neno moja nililolielewa bila kamusi: askari. Neno letu, lililotoka kwenye Kiarabu, limechapwa kwenye boksi la Kiingereza. Mtu anayesoma Kiswahili chuoni hapa Kampala hawezi kulipita neno hilo hivi hivi. Wenzangu wanafahamu jinsi watu wengi wa Buganda wanavyolitazama somo letu. Ukisema unasomea sheria, unapongezwa. Ukisema unasomea Kiswahili, unaulizwa kama unataka kujiunga na jeshi.

Nianze na ngozi, kwa kuwa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Katika seti za rangi za kuchorea, chupa iliyoandikwa "rangi ya mwili" mara nyingi ina rangi ya waridi iliyopauka. Inamfaa afisa. Askari 12 hawana chupa yao, kwa hiyo inabidi uchanganye mwenyewe. Nilichukua kahawia nzito, nikatia tone la nyekundu na tone la manjano. Hapo kuna jambo ambalo kila mpakaji hulijifunza mapema: ukitaka kuonyesha mwanga kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu, usiongeze nyeupe. Nyeupe huifanya ngozi nyeusi iwe ya kijivu, kama ya mtu aliyepakwa majivu. Ongeza rangi ya machungwa au ya udongo mwekundu, na uso unakuwa hai. Kisha kuna macho. Picha nyingi za zamani za magazeti ya Ulaya zilimchora Mwafrika akiwa amekodoa macho meupe, na kisanamu chenye urefu huu ukikitia nukta nyeupe machoni kinapata sura ileile ya mtu aliyeshtuka. Mimi naacha kivuli cha kahawia tu. Mtu anayetembea juani hukunja macho, huyakodoi.

Sikutaka pia nyuso 12 zifanane. Katika hosteli yetu kule Kikoni tunaishi watu wa kila pembe ya nchi, nami nikapaka nikiwatazama wao wakila, wakifua, wakibishana kuhusu mpira. Mmoja wao ni mwenzangu wa darasa kutoka Bombo, Mnubi. Alipoviona visanamu mezani kwangu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Hawa ni wazee wetu."

Maneno yake si ya kupamba. Mwezi Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alifika Buganda na kupiga kambi kwenye kilima ambacho sasa tunakiita Old Kampala, pale uliposimama msikiti mkuu. Alikuwa na watu wachache na bombomu moja ya Maxim iliyochakaa. Mwaka uliofuata akaenda magharibi hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuwachukua askari wa Kisudani waliobaki huko chini ya Selim Bey baada ya Emin Pasha kuondoka na Stanley mwaka 1889. Wazao wao ndio Wanubi wa leo, wenye Kinubi chao kilichozaliwa kutokana na Kiarabu cha kambini, na Bombo ni mji wao unaojulikana zaidi.

Sasa msomaji atazame idadi. Waliotoka Kavalli walikuwa zaidi ya 8,000. Askari wenye bunduki walikuwa mia kadhaa tu. Waliobaki walikuwa wake, watoto, watumishi, watumwa na wazee. Maana yake ni kwamba boksi langu la askari 12, likitaka kusema kweli, linahitaji visanamu visivyopungua mia moja vya watu wasio na bunduki. Hakuna anayeuza boksi kama hilo, au mimi sijaliona. Katika michezo hii jeshi hutembea lenyewe mezani, bila chungu, bila mzigo, bila mtoto mgongoni.

Baada ya rangi hufuata kitako, yaani kile kiduara ambacho kisanamu hugandishwa juu yake. Wengine hukipuuza, lakini kwangu ndicho kiini cha kazi. Kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi kilishauri kuwa kwa Afrika utumie mchanga wa manjano na vichaka vichache vilivyokauka. Yaani Afrika yote ni moja, nayo imekauka! Mwandishi wa maneno hayo hajawahi kupanda bodaboda Kampala siku ya mvua akashuka na suruali iliyogeuka rangi. Ardhi yetu ni nyekundu. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, na mabondeni ni mafunjo na matope.

Kwa hiyo nilichimba udongo nyuma ya nyumba ya jaja wangu kule Kawempe, nikaupepeta kwa chujio la chai, kisha nikaukaanga kwenye kikaango kikavu ili kuua wadudu na ukungu. Jaja aliingia jikoni akakuta nakoroga udongo motoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani mwenye mimba, maana kwetu udongo unaotayarishwa ni mumbwa, dawa ya wajawazito. Nilipomweleza ukweli alionekana kusikitika kidogo.

Kitako chenyewe nilikipata kwenye sarafu ya shilingi 500, ile yenye kichwa cha korongo. Upana wake unakaribia sana vitako vya dukani, na uzito wake unakizuia kisanamu kisianguke. Unaigandisha kwa supa gluu, unapaka gundi nyeupe ya maseremala juu yake, kisha unachovya kwenye udongo. Ikikauka, udongo huwa mweusi kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo unaurudishia wekundu wake kwa brashi iliyofutwa rangi karibu yote, ukigusa vichwa vya chembe tu. Majani nilitengeneza kwa nyuzi za kamba ya katani nilizozichemsha kwenye rangi ya kijani. Hapo nikagundua jambo. Matete yetu hufika mita tatu na zaidi. Ukiyapunguza kwa kipimo cha kisanamu unapata kama sentimita tano, karibu mara mbili ya urefu wa askari. Nilipoyapanda kwa urefu wake wa kweli, askari wangu walitoweka. Afisa anayenyoosha kidole kuonyesha adui alikuwa ananyooshea ukuta wa majani. Hakuna kitabu kilichonifanya nielewe jambo hili kama sentimita tano za katani: hao watu hawakuwa wanaona mbele, na aliyejua njia ni mwenyeji.

Mwenzangu wa Bombo aliuliza kwa nini ninafukia pesa. Nikamwambia. Akacheka, akasema, "Basi angalau huyu amelipwa."

Utani huo una historia. Mwezi Septemba 1897 askari wa Kisudani wa Uganda Rifles waliasi karibu na Ravine, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, wakitolewa vita hiki kupelekwa kile. Mshahara wao ulikuwa duni, ukichelewa, na mara nyingi ukilipwa kwa vitambaa. Walipoambiwa wafuate msafara mwingine wa mbali, tena bila familia zao, walikataa. Mwezi Oktoba waliiteka ngome ya Luba kule Busoga, na Meja Thruston, kamanda wao aliyekuja kuwatuliza, waliishia kumuua. Ngome hiyo ilizingirwa hadi Januari 1898. Waliouawa katika mzingiro huo ni pamoja na George Pilkington, mmisionari aliyeongoza tafsiri ya Biblia kwa Kiganda. Baganda wengi sana walipigana upande wa Waingereza. Kwa hiyo hadithi hii haikai vizuri ndani ya mchezo wenye pande mbili, Mzungu huku na Mwafrika kule.

Tulibishana ni vita gani tuiweke mezani. Mimi nilikuwa nimefikiria Mengo, tarehe 24 Januari 1892, wakati Lugard alipowasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki na Kabaka Mwanga akakimbia. Lakini sikuweza kuipanga. Siku chache baada ya Mengo, kisiwa cha Bulingugwe kilishambuliwa kwa bombomu, na watu wengi walizama ziwani wakijaribu kukimbia kwa mitumbwi. Kupiga dadu ili kujua wamezama wangapi ni kitu ambacho mkono wangu ulikikataa. Najua mtu ataniambia kuwa dadu za Luba nazo zinaua. Ni kweli. Sina kanuni ya kuitetea tofauti hiyo, ila kwamba Luba kulikuwa na ngome na watu wenye silaha pande zote mbili, na Bulingugwe kulikuwa na mitumbwi.

Tukachagua Luba. Kanuni tulizokuwa nazo zinakipa kila kikosi alama za nidhamu, alama za kulenga shabaha na alama za ujasiri. Hazina alama ya mshahara. Mwenzangu alipendekeza karata: kila zamu inapoanza unafunua moja, na ikiwa nyeusi, mshahara umechelewa, kikosi kinasimama kilipo hata afisa apige kelele namna gani. Tulicheza hivyo mara tatu. Mara mbili Waingereza walishindwa kabla risasi ya kwanza haijalia, na mwenzangu alifurahi kupita kiasi.

Jaja ndiye aliyebaki. Siku niliyomwonyesha askari waliokamilika, kila mmoja na kipande chake cha udongo wa Kawempe, alivaa miwani, akamshika mmoja kwa vidole viwili, akaniuliza kwa Kiganda, "Huyu anasema lugha gani?" Nikajibu kuwa wa asili walisema Kiarabu chao, na jeshi lilipozidi kuchanganya watu wa makabila mengi, likawa linasema Kiswahili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu alilokuwa nalo tayari. Yeye aliishi Luweero miaka ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sentensi za Kiswahili anazozijua ni chache, na zote ni amri. Simama. Kaa chini. Leta pesa. Panda gari. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe shuleni kwa lazima. Siku hiyo mimi nilishangilia. Jaja alizima redio.

Wahadhiri wetu hutufundisha kuwa Kiswahili ni lugha ya biashara, ya ushairi, ya umoja wa Afrika Mashariki. Yote hayo ni kweli, nami nayaandika kwenye mitihani. Lakini kwa jaja wangu lugha hii iliingia uani ikiwa na bunduki, na siwezi kumwambia kuwa alisikia vibaya. Niliporudi chumbani nilimtazama tena yule askari. Ana mdomo uliofumba. Mchongaji amewapa wote midomo iliyofumba isipokuwa afisa, ambaye anapiga kelele.

Sasa natengeneza wale wasiouzwa. Nanunua epoksi kwenye maduka ya vyuma, ile ya vipande viwili unavyokanda pamoja mpaka vilainike kama unga wa chapati. Una kama nusu saa kabla haijakauka. Nachonga wanawake wenye mizigo kichwani, na kwa nguo ninatumia nyuzi za gome la mutuba, lilelile tunalotengenezea vitambaa vya magome, nikilichambua hadi tabaka jembamba kabisa. Rangi yake ya udongo haihitaji kuguswa na brashi. Wa kwanza nilimfunga kitambaa kiunoni. Jaja alimtazama akasema hapana, mwanamke wa Buganda wakati huo alikifunga juu ya kifua, chini ya kwapa, na tena akishabeba mzigo hatazami chini kama huyu wako. Akamchukua kabla hajakauka, akamwinua kidevu kwa ncha ya sindano.

Nina askari 12, afisa 1 na wanawake 7. Sarafu zimeniishia.