Kaktasi Kwenye Shamba la Theluji

Anayetaka kuhamia kijijini Saskatchewan, Kanada, akiwa na vyungu vyake vya kaktasi, huambiwa na wengi aviuze au avigawe kabla ya kufunga mizigo. Ushauri huo una sura ya busara. Usiku wa Januari karibu na Saskatoon unaweza kushuka hadi nyuzijoto 30 chini ya sifuri, na kaktasi katika mawazo ya watu ni mmea wa jua kali na mchanga. Mimi naupinga. Nyumba ya shamba yenye ghala, chumba cha chini ya ardhi na uwanja wazi upande wa kusini ni mahali pazuri pa kukuzia kaktasi kuliko sebule yenye joto katika ghorofa ya mjini. Kinachoziua kaktasi nyingi huku ughaibuni ni maji yanayotolewa wakati mbaya, pamoja na giza. Baridi peke yake inasingiziwa mno. Watu wa nyumbani, Afrika Mashariki, wangelielewa jambo hili upesi, kwa kuwa kwetu mimea ya namna hii haikuwahi kudekezwa.

Mimea mingi tunayoiita kaktasi nyumbani si kaktasi. Jamii hiyo asili yake ni Amerika, na ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota Afrika kama mmea wa asili. Nayo haikai jangwani, huning'inia kwenye matawi ya miti katika misitu yenye unyevu. Minyaa inayozunguka maboma ya Shinyanga na Singida, na ile inayogawa mashamba na viwanja kule Rwanda, ni jamii ya Euphorbia. Ukame ndio ulioifanya ifanane na kaktasi. Hata hivyo namna inavyotunzwa ina somo kubwa. Mkulima hukata tawi, huliacha kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke na utomvu ukome, kisha hulichomeka ardhini mvua zikikaribia. Baada ya hapo hamwagilii. Mvua za msimu hutosha, kiangazi huunyima mmea maji kwa miezi mingi, na ua unadumu hata wajukuu wakaukuta. Mgeni ataona huo ni uzembe. Ni ujuzi: mmea huu una msimu wa kunywa na msimu wa kupumzika, na anayeuvuruga utaratibu huo huuozesha kuanzia mizizini.

Kanada nayo ina kaktasi zake za asili, jambo ambalo hata wenyeji wengi wa miji yake hawalijui. Opuntia fragilis, mpungate mdogo ambao vipande vyake hukatika ukiugusa tu, huota katika nyanda za Saskatchewan na Alberta na kufika bonde la mto Peace huko British Columbia, karibu na latitudo 56 kaskazini. Escobaria vivipara, mviringo na wenye maua ya rangi ya waridi, unapatikana Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Hakuna anayeiwashia hita mimea hii. Siku zinapofupika, hupunguza maji yaliyomo mwilini mwake, hunywea, hukunjamana, na mpungate hulala chini kabisa juu ya udongo. Sukari na utelezi vilivyobaki ndani hukolea, na barafu ikijitokeza hujitokeza nje ya seli, mahali ambapo haizipasui. Park Nobel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechapisha mwaka 1988 kitabu muhimu kuhusu agave na kaktasi na mazingira yake, alionyesha kwamba uwezo wa kaktasi wa kuhimili baridi huongezeka pale joto linaposhuka taratibu. Huo utaratibu ndio wenye uzito. Kaktasi iliyotolewa sebuleni yenye nyuzijoto 22 ikatupwa barazani usiku wa Novemba itakufa, na mwenzake wa aina ileile aliyekaa nje tangu Juni atapona. Theluji yenyewe husaidia pia, kwa sababu huifunika mimea mifupi na kuikinga na upepo mkali kama blanketi.

Sebule yenye joto ina kosa ambalo halionekani haraka. Dar es Salaam au Nairobi mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Saskatoon, mwishoni mwa Desemba, haufiki hata saa 8, na jua lenyewe hupita chini upande wa kusini. Joto la ndani linauambia mmea uendelee kukua, huku mwanga wa dirishani ukiwa hautoshi. Matokeo yake ni shina jembamba, rangi iliyopauka, kichwa kilichochongoka, na ulemavu huo haurekebishiki hata kiangazi kikirudi. Mwenye nyumba akiona mmea umepauka humwagilia zaidi, na hapo ndipo anapoumaliza. Chumba kikavu chenye nyuzijoto 5 hadi 10, kuanzia Oktoba mpaka Machi, bila tone la maji, huuacha mmea ulale kama unavyolala kwao. Rebutia za milima ya Bolivia na Argentina, na Mammillaria nyingi za nyanda za juu za Meksiko, huchanua vizuri zaidi zikipata mapumziko hayo. Nafasi ya namna hiyo ni shida kuipata katika ghorofa ambayo joto lake hupangwa na mwenye jengo. Shambani ipo, na mara nyingi haina matumizi mengine.

Wapo watakaosema kwamba si kaktasi zote zina ngozi ngumu kiasi hicho, na hapo wana haki. Melocactus, ambazo nyingi ni za pwani na visiwa vya joto, huumia hata kwenye nyuzijoto 10. Waridi la jangwani, ambalo si kaktasi bali ni la kwetu Afrika Mashariki na Arabuni, na minyaa pia, haziwezi kabisa kuguswa na jalidi. Jibu langu ni kwamba mkusanyiko wa mimea usitendewe kama kitu kimoja. Mipungate ya asili ya nyanda za baridi ipandwe nje, kwenye tuta lililoinuliwa, nusu yake kokoto na changarawe, ili maji ya theluji inayoyeyuka yapite bila kutuama, kwa kuwa tope la Machi linaloganda tena usiku ni hatari kuliko Januari yote. Zile za milimani zikae kwenye chumba kikavu cha baridi. Chache za kitropiki zipewe kabati au kona moja yenye taa za LED na joto la nyumba ya binadamu. Gharama inakuwa ya kona moja, si ya kuchemsha kitalu nyumba kizima kwa miezi sita. Nao wanaohofia umeme kukatika wakati wa tufani ya theluji, hofu ambayo vijijini ni ya kweli, wajue kuwa mmea uliokaushwa huhimili usiku mmoja wa baridi kupita kiasi vizuri zaidi kuliko uliojaa maji. Jiko la kuni na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini cha usiku ni vifaa vya lazima.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka nyumbani. Laikipia, nchini Kenya, inaonyesha nini hutokea mmea unapohamishwa bila kufikiriwa. Mipungate iliyoletwa enzi za ukoloni kuwa ua na pambo imevamia malisho. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, na mbuzi wanaokula matunda hayo hujeruhiwa midomo na matumbo kwa vimiba vidogo mithili ya nywele, wengine wakafa. Wafugaji wa huko wamelazimika kutegemea mdudu anayefyonza mpungate ili kuupunguza. Kwa hiyo nasema wazi: tuta la mipungate Saskatchewan lipandwe aina ambazo tayari ni za huko, na mtu asichukue kipande cha mpungate wa ughaibuni kwenda kupanda kijijini kwao kwa sababu unapendeza. Vilevile asibebe tawi la mnyaa kwenye begi kuja huku. Karibu jamii yote ya kaktasi, pamoja na Euphorbia za aina hiyo, zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini; kuzivusha mpaka kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na Kanada hairuhusu udongo wa Afrika uingie na mizizi.

Ndugu unayepanga kuhama na kaktasi zako, hama Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla jalidi haijaanza. Acha kumwagilia wiki mbili kabla, ng'oa zile kubwa kwenye vyungu, kung'uta udongo, zifunge kwa magazeti na uzipange kwenye makasha ndani ya gari, si nyuma ya lori lisilo na joto. Ukichelewa hadi Oktoba, usizipande tena mwaka huo. Ziache kavu kwenye magazeti yake, mahali pasipoganda, mpaka Machi.