Nani apite kwanza? Kuendesha gari kwenye rond-point za Goma

Wamama wengi sasa tunakamata volani. Asubuhi tunapeleka watoto kwenye masomo, mchana tunabeba viazi na mikungu ya ndizi kutoka sokoni, na siku nyingine tunampeleka mgonjwa hospitali usiku bila kumngojea mtu. Permi tumepata. Tulifundishwa kubadilisha vitesi, kurudi nyuma, kupandisha mlima bila gari kushuka. Lakini ukimuuliza mama aliyeanza kuendesha mwezi uliopita ni fasi gani moyo wake unadunda, hatataja mlima. Atataja rond-point.

Na mji wetu ni mji wa rond-point. Mtu wa Goma hakuelekezi kwa majina ya avenyu. Anakuambia, “Ukifika Signers, uliza,” au “Shukia Instigo,” au “Ni nyuma ya BDGL, kidogo tu.” Mgeni anaweza kukaa huku mwaka mzima bila kujua jina la avenyu anayolala, lakini siku ya pili tayari anajua rond-point Tchukudu, ile yenye sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake. Napenda kwamba katikati ya mji wetu hatukumweka jemadari juu ya farasi, tulimweka mtu wa kubeba mizigo.

Ukitoka upande wa Sake, ukapita Mugunga, Ndosho na Katindo, gari zinaongezeka kadiri unavyokaribia mji. Njia za pembeni nyingi bado ni mawe meusi ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na sisi tulijenga tena juu ya mawe yale yale. Kwa hiyo kila mwenye gari, hata kama safari yake ni fupi, anakimbilia lami, maana mawe yanakata matairi na kuvunja mgongo. Lami ni chache, watu ni wengi, na wote wanakutana kwenye duara. Pale ndipo swali linazaliwa: nani apite kwanza?

Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Kanuni yake ambayo karibu kila dereva ameisikia ni ile ya kulia: penye makutano yasiyo na alama wala polisi, mpishe anayetokea mkono wako wa kuume. Kwenye njia panda za kawaida kanuni hii ni nyepesi, unaangalia kulia, unasimama, unaenda. Kwenye duara inaleta fujo. Sisi tunaendesha upande wa kuume, basi tunazunguka duara tukiacha katikati yake mkono wa kushoto. Sasa wewe uko ndani unazunguka. Yule anayetaka kuingia anatokea wapi? Anatokea kulia kwako. Aliyefundishwa “kulia kwanza” bila neno lingine anaamini kwamba wewe uliye ndani umsimamie yeye aliye nje. Naye aliyefundishwa kwamba wa ndani amalize kwanza, hasimami. Wote wawili wana uhakika, na wote wawili wanapiga honi.

Wamama wetu wafanyabiashara wanaokwenda Kampala wameona kitu kingine, na hapa naomba mtumie mikono yenu kidogo kama watoto wa primeri. Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto. Duara lao linazunguka kama mishale ya saa. Ukifika kwenye duara la Kampala, walio ndani wanakuja kwako kutoka kulia. Kwa hiyo mtu wa kule akisema “mpishe wa kulia,” anamaanisha aliye ndani. Mtu wa kwetu akisema maneno yale yale, anamaanisha aliye nje. Dereva aliyejifunza kazi Kampala akija Goma na sentensi ile ile kichwani, anafanya kinyume. Na Watanzania duara wanaliita kipilefti, jina lililotoka kwenye Kiingereza, maana yake “shika kushoto.” Jina zuri, lakini usilifuate ukiwa Goma, utakutana na lori uso kwa uso.

Je, sisi tufuate lipi? Mimi nasema wazi: penye alama ya pembe tatu iliyogeuzwa kichwa chini, au penye polisi, fuata alama na polisi. Pasipokuwa na kitu, ukiwa nje, mwache wa ndani amalize. Siyo adabu tu. Ni hesabu. Mwaka mmoja tuliichora rond-point kwa majivu katika uwanja wa masomo, yenye njia nne, na watoto wa mwaka wa tano wakawa gari, kila mmoja na kifuniko cha sufuria kama volani. Mara ya kwanza nikasema, anayeingia apite kwanza. Hawakumaliza hata dakika mbili. Duara lilijaa, aliyetaka kutoka akazibwa na aliyeingia, aliyeingia akazibwa na aliyeshindwa kutoka, na wote wakasimama wakicheka na kusukumana. Mara ya pili nikasema, wa nje angoje nafasi. Walizunguka mpaka kengele ikalia. Mtoto mmoja wa kike alieleza vizuri kuliko mimi: “Mwalimu, wa ndani akitoka, ndiyo wa nje anapata fasi.” Nchi nyingine zilichukua muda mrefu kufika hapo. Uingereza iliweka kanuni hiyo ya kumpisha wa ndani mwaka 1966. Ufaransa, ambako kanuni ya kulia ilitawala kama kwetu, ilibadilisha katika miaka ya 1980, kwa alama ya pembe tatu kwenye maingilio.

Lakini mama, usiingie duarani na sheria mkononi kama mwavuli. Goma ina sheria yake ya tatu, ambayo haikuandikwa: mkubwa apite. Lori la Fuso linaingia kwanza, jeep ya vioo vyeusi inafuata, halafu Hiace, halafu taksi, halafu sisi. Motari wao hawamo katika foleni hiyo, wanapita katikati kama maji kwenye mawe. Wengine wanakata duara kinyume ili kufupisha njia, kwa hiyo hata pale ambapo sheria inasema angalia upande mmoja, wewe angalia pande zote mbili kabla ya kugusa mafuta.

Wa mwisho katika foleni ni chukudu na anayetembea kwa mguu, naye mara nyingi ni mama mwenye beseni kichwani. Juu ya chukudu nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoipigia honi hawajawahi kuisukuma. Mji wetu umeinama, unashuka kutoka volkano kwenda ziwani. Chukudu inayotoka upande wa Kibumba na makabichi, viazi au makala inashuka na uzito mkubwa sana, na freni yake ni kipande cha mpira wa tairi ambacho kijana anakikanyaga kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Ukimkatia njia mbele ya rond-point, hawezi kusimama kama wewe. Atachagua kati ya kukugonga na kuuangusha mzigo, na mzigo ule mara nyingi ni wa mama mwenzako anayeungoja sokoni. Mwachie urefu wa gari mbili.

Kuna jambo lingine ambalo masomo ya udereva hayasemi sana. Gari nyingi za hapa zimekuja kupitia Mombasa na Dar es Salaam, na volani yake iko kulia, wakati tunaendesha upande wa kulia. Ukiwa na gari kama hiyo, kwenye duara wewe umekaa upande wa nje. Walio ndani wanakuja kutoka kushoto, na kushoto amekaa abiria. Kama ni mama mnene mwenye kitambaa kikubwa kichwani, au mtoto aliyesimama juu ya kiti, huoni kitu. Usione haya, mwambie, “Mama, egemea nyuma kidogo, niangalie.” Mume wako pia mwambie, hata kama anataka kukuelekeza. Na mtoto asikae kiti cha mbele. Faida yako ni moja: wakati wa kutoka duarani, motari anayejipenyeza upande wa kulia unamwona karibu, mwenye volani ya kushoto hamwoni. Basi kila mmoja ajue jicho lake bovu liko upande gani.

Ukikosa njia yako ya kutoka, zunguka tena. Nashangaa ni wamama wangapi wanaogopa kufanya hivyo, kana kwamba kuna mtu anahesabu. Njia panda ya kawaida ikikupita, imekupita, lakini rond-point inakupa njia yako mara ya pili na ya tatu. Kinachoua ni kusimama ghafla katikati, au kuvuka kutoka ndani mpaka nje kwa sababu umeona njia ya Birere imekaribia. Weka taa ya kugeukia ya kulia mapema, sogea taratibu upande wa nje, toka. Na gari ikizimika, watakupigia kelele. Watasema, “Ni mwanamke!” Mwanaume gari yake ikizimika wanasema betri imekufa. Vuta pumzi, washa taa za hatari, washa injini tena. Kelele haijavunja kioo cha mtu.

Kwenye makutano makubwa polisi wa rulaje wanasimama kwenye jua na vumbi kutwa nzima, na ukweli ni kwamba mkono wao unapita kanuni zote nilizoandika hapo juu. Akinyoosha mkono, simama, hata kama wa kulia, wa kushoto na wa nyuma wanakuambia nenda. Kinshasa walijaribu kitu kingine. Mwaka 2013 ni mwaka ambao maroboti makubwa ya aluminiamu, yanayotumia nguvu ya jua, yalianza kuongoza magari kwenye makutano yao. Aliyeyabuni ni injinia mwanamke, Mama Thérèse Izay Kirongozi, na wanawake wenzake wahandisi katika chama chao. Nilipowaeleza wasichana wa darasani, swali lao la kwanza lilikuwa kama roboti inaweza kumkamata motari anayekwenda kinyume. Haiwezi kumkimbiza, niliwaambia, lakini ina kamera.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo linamhusu hata mama asiyeendesha. Hiace zinazobeba watoto wetu zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Mlango wake wa kuvuta uko kushoto. Huko zilikotoka, mtoto anashukia pembeni ya njia, kwenye majani. Huku kwetu anashukia katikati ya barabara. Na madereva wanapenda kushusha abiria pale pale kwenye mdomo wa rond-point, kwa sababu ndipo abiria wengine wanangoja. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba, na mfuko wake mgongoni, anatua kwenye lami mahali ambapo motari wanapita kwa kasi, na dereva anayetoka duarani macho yake yako upande mwingine, anatafuta nani atampisha.

Ukimpandisha mtoto, zungumza na dereva kabla ya kulipa. Mwambie amshushe mita hamsini kabla ya duara au baada yake, upande wa nje, na konveya ashuke kwanza, asimame upande wa motari, ndipo mtoto atoke. Wengi wanakubali wakiombwa na wamama watatu au wanne kwa pamoja. Akikataa, kuna Hiace nyingine nyuma yake. Mtoto naye afundishwe kushuka akiangalia nyuma ya gari, siyo mbele, na asipite mbele ya pua ya Hiace hata kama nyumbani ni ng'ambo, angoje mpaka gari iondoke. Sisi tunaoendesha, tukiona Hiace imesimama karibu na rond-point, tuitendee kama mlango wa masomo wakati wa kengele. Tupunguze mpaka tuweze kusimama, tuache nafasi upande wake wa kushoto, kwa sababu mlango ule unaweza kufunguka wakati wowote.