Bustani ya Madebe

Nyanya wa semina zetu za fasihi simulizi anafahamika. Anaketi kando ya moto, anatega "Paukwa", wajukuu wanaitika "Pakawa", na mtafiti aliyefika na kinasasauti anaandika daftarini kwamba amempata fanani. Nimewasimamia wanafunzi kadhaa wa uzamili waliorudi kutoka nyanjani na nyanya wa namna hii, na sina ugomvi nao. Ila mama mzaa baba yangu, ambaye kwa Kigiriama tulimwita hawe, hakuwa fanani. Jioni alikuwa amechoka. Alikula, akajipaka mafuta ya nazi miguuni, akalala. Mtafiti angetoka kwake na kanda tupu.

Alilima kusini mwa mto Sabaki, upande wa Gede. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wagiriama waliofurushwa na serikali ya kikoloni kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto huo mwaka 1914, katika vita vile ambavyo leo tunavitaja pamoja na jina la Mekatilili wa Menza. Upande wa kusini waliikuta ardhi ina wenyewe, angalau makaratasini. Sheria ya mwaka 1908 ilikuwa imewataka watu wa ukanda wa pwani wawasilishe madai ya ardhi zao, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Mfalme. Aliyekuwa na karani alidai. Aliyekuwa na jembe aliendelea kulima, asijue kwamba kulima kwake kumekwisha kubadilishwa jina.

Hivyo hawe aliishi kama mgeni wa bwana mmoja wa mjini ambaye sina haja ya kumtaja. Kila baada ya mavuno alipeleka kitu kidogo, na sharti lilikuwa moja: asipande mti. Msomaji wa bara huenda akaliona sharti hili kuwa la ajabu, na hapa inafaa tutue kidogo. Katika mila za pwani, mti na udongo ni mali mbili. Mtu anaweza kumiliki mnazi uliosimama katika ardhi ya mwingine, akauuza, akauweka rehani, akawarithisha wanawe. Mti basi ni ushahidi. Ndiyo maana mgeni huruhusiwa mahindi, kunde, pojo, ufuta na muhogo, vitu vinavyong'oka na kwisha, lakini hapewi ruhusa ya mnazi, mwembe wala mkorosho.

Muhogo aliupenda kwa sababu ulikuwa unaikaribia mipaka ya sharti lile bila kuivuka. Si mti, lakini hauna haraka. Huweza kukaa ardhini mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe. Alikata vipando vya shubiri moja na nusu, akavilaza mshazari matutani mvua za mwaka zilipokaribia, na kunde akazipenyeza katikati. Majani yalikuwa kisamvu. Mizizi iliyozidi ilimenywa, ikaanikwa juu ya paa ikawa makopa, na makopa hayo ndiyo yaliyomsomesha baba darasa tano za mwanzo. Mchunga, ile mboga chungu ya mwitu ambayo wengine huing'oa kama gugu, yeye aliuzunguka kwa jembe na kuuacha.

Juma la Wamijikenda lina siku nne, na siku ya jumwa shamba hupumzishwa. Hawe aliiheshimu jumwa kuliko watu wengi wa rika lake, nami kwa muda mrefu nilidhani ni uchaji. Baadaye niliona kwamba alikuwa na kazi nyingine. Siku hiyo ndiyo aliyoyahudumia madebe. Yalikuwa madebe ya mafuta ya kupikia, yaliyotobolewa chini kwa msumari, yamepangwa ukutani kivulini. Yaliyoanza na mrihani na asumini kwa ajili ya nywele na arusi, yakafuatwa na mpilipili, kisha mlimau, kisha mkomamanga, na hatimaye miche ya mwembe na ya mnazi. Mwakilishi wa yule bwana alipouliza, alijibiwa, "Mwanangu, hiki kimo debeni. Hakijapandwa."

Nimewahi kuyasimulia haya katika mjadala wa idara, na mwenzangu mmoja akayapokea kwa furaha: debe ni ishara ya utengano, mche ni taswira ya matumaini yaliyodumazwa. Sikubaliani naye. Sisi wahakiki tuna pupa ya ishara. Debe lilikuwa hoja ya kisheria, iliyotungwa na mtu asiyejua kusoma, dhidi ya sheria aliyoielewa barabara.

Mwaka 1993 walikuja watu wenye fomu kuorodhesha wakaao, ili wagawiwe viwanja. Walihesabu mimea ya kudumu. Majirani waliopanda kwa siri walioneshea minazi yao kidole, wakaandikwa. Hawe, aliyelitii sharti miaka arubaini, alikuwa na madebe thelathini na moja. Hayakuandikwa. Alihamia kwa baba yetu mdogo, na madebe yakafuata kwa mkokoteni, safari tatu.

Utanzu wa wasifu katika Kiswahili umewapa nafasi wanawake wachache. Shaaban Robert alimwandika Siti binti Saad, aliyetoka kwa watu wanyonge. Lakini Siti alikuwa na sauti, na sauti ile ilinaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na ulimwengu wa utenzi huo ni nyumba ya kiungwana. Mwanamke ambaye kazi yake iliivishwa, ikaliwa na kwisha kila mwaka aandikwe kwa vyanzo gani? Wasifu pekee wa hawe uliowahi kuandikwa ni ule wa karatasi ya mazishi, mwaka 2008: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto saba, alikuwa mkulima. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Huko kwa baba mdogo alipasua madebe ishirini na manane kwa shoka, moja baada ya jingine, na kuishusha miti ardhini. Mwembe mmoja uligoma miaka sita kabla ya kuzaa. Minazi miwili iliuawa na chonga. Mlimau ungali unazaa. Madebe matatu aliyaacha kama yalivyo, mrihani na mche wa mnazi ukiwamo. Alipoulizwa sababu, alisema hati ya kiwanja ina jina la mwanawe.