Walioanza na Waliofanya Mtihani

Watoto wa darasa la saba wakishaweka kalamu chini mwezi Septemba, ofisi ya taaluma ya sekondari ya binafsi haikauki wazazi. Nimefanya kazi katika ofisi hizo kwenye zaidi ya mkoa mmoja, na swali la kwanza halibadiliki: "Mwalimu, nyie mlikuwa wa ngapi kitaifa?" Ndipo hufuata mengine ya ada, chakula, maji, kama bweni lina matroni wa usiku, kama mtoto ataruhusiwa kuswali au kwenda misa.

Wapo walimu wanaowabeza wazazi hawa. Mimi siwabezi. Mama anayeuza vitenge, ambaye faida yake ya mwaka itaishia kwenye ada ya mtoto mmoja, hana njia ya kujua kama mwalimu wetu wa fizikia anafundisha au anakaririsha. Maabara hajawahi kuingia. Akiambiwa shule ni ya tisa, hapo amepata kitu cha kushika. Mzazi aliyepita sekondari mwenyewe huwa na vipimo vingine: atauliza walimu wanadumu muda gani kabla ya kuondoka, ataomba kuona madaftari, atachungulia jikoni. Nafasi kitaifa huiuliza kwa kupitia tu. Kwa hiyo anayeiegemea zaidi ni yule ambaye shule haikumfikia, na mara nyingi ndiye ambaye akikosea hana fedha ya kuanza upya kwingine.

Kwa miaka mingi namba hiyo ilitoka kwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lenyewe. Matokeo yakitangazwa, zilitajwa kumi bora na kumi za mwisho, na Feza, Marian, St. Francis ya Mbeya na Kemebos yakawa majina ya kila nyumba. Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Athumani Amasi wa NECTA alisema utaratibu huo umeachwa: hauna tija, na watoto hawasomi katika mazingira yanayolingana. Kenya ilikuwa imeshafuta upangaji huo mwaka 2014, chini ya Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Jacob Kaimenyi. Niliufurahia uamuzi wa NECTA na bado nauunga mkono. Lakini ofisini kwetu swali halikuondoka. Matokeo ya kila kituo yanaendelea kuwekwa wazi pamoja na wastani wa kituo, na siku hiyohiyo watu huzikokotoa nafasi wenyewe, orodha zikaingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya jua kuzama. Ikifika Januari mabango yanarudi barabarani: divisheni wani ngapi, ziro hakuna.

Maneno hayo "ziro hakuna" ndiyo yanayoniuma, kwa sababu najua yanavyotengenezwa.

Kazi huanza mlangoni. Shule inayotoa mtihani wa usaili kwa watoto mia tano na kuchukua themanini imeshajipatia nusu ya matokeo yake kabla ya kipindi cha kwanza. Si dhambi, hata Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, shule za serikali za vipaji maalumu, hupokea waliofanya vizuri zaidi darasa la saba. Ila mzazi ajue kwamba anapotazama nafasi ya shule ya namna hiyo, kwa sehemu kubwa anatazama ubora wa watoto walioingia.

Hatua ya pili ndiyo mbaya. Katika shule moja niliyofundisha, kikao cha walimu cha kufunga mwaka kilikuwa na ajenda moja: majina ya watoto wa kidato cha tatu ambao "watatuangusha". Wastani wa kuvuka ulikuwa umepandishwa katikati ya mwaka. Wazazi waliitwa mmoja mmoja na kuambiwa kwa lugha laini watafute shule "itakayomfaa mtoto". Mzee mmoja alikuwa ameuza ng'ombe ili kijana wake aingie pale. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Lakini si ndiyo maana nilimleta, ili mumfundishe?" Hakuna aliyemjibu, na kwa kweli hakukuwa na jibu. Kijana alikuwa dhaifu wa hisabati, hodari wa historia na Kiswahili. Alihamia shule ya kata, na sisi tukapandisha bango.

Serikali imelikemea jambo hili mara kwa mara, kwa hiyo limejifunza kujificha. Mtoto hafukuzwi, anashauriwa. Au anabaki kwenye dawati lilelile, lakini mtihani anasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo ambacho namba yake inaanza na herufi P badala ya S. Alama zake haziingii kwenye hesabu ya shule. Kwa mwanafunzi wa miaka kumi na saba, kuambiwa jina lako lisionekane karibu na jina la shule yako ni jeraha.

Isidhaniwe kuwa hii ni tabia ya wenye shule za binafsi peke yao. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, shule za msingi za serikali nazo zilipangwa hadharani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani ndani ya wilaya zao zilipandisha ufaulu, hilo ni kweli, lakini pia idadi ya wanafunzi wa darasa la saba katika shule hizo ilipungua. Nilipousoma utafiti huo sikushangaa. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa namba moja ataifanyia kazi namba hiyo, na njia ya mkato ni kumpunguza mtoto.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza nafasi, humgeuzia kompyuta tufungue matokeo pamoja. Nafasi siitafuti, natafuta vichwa. Chukua upimaji wa kidato cha pili wa 2022, hesabu waliofanya. Kisha fungua kidato cha nne cha 2024 cha shule ileile, hesabu tena, maana ndio walewale. Tuseme walikuwa 110, wamebaki 78. Wale 32 wako wapi? Wachache huondoka kwa sababu za kawaida: baba kahamishwa kikazi, ada imeshindikana, ugonjwa, mtoto karudia darasa. Karibu theluthi ya darasa haiondoki hivyo. Na shule nyingine huziba pengo kwa kuingiza wapya kidato cha tatu waliong'ara kwingine, basi hata idadi ikilingana, linganisha na mgawanyo wa wavulana na wasichana, uliza wahamiaji ni wangapi. Mkuu wa shule asiye na cha kuficha atakujibu hapohapo.

Kisha teremka chini ya ukurasa, penye wastani wa kila somo. Wastani mdogo ndio mzuri hapa, 1 ikiwa juu na 5 chini. Kuna shule ina divisheni wani nyingi zilizobebwa na Kiswahili, uraia na bailojia, huku hisabati na fizikia zikisuasua kila mwaka. Binti anayeota uhandisi hatafaidika na jina la shule hiyo. Tazama miaka mitatu mfululizo. Somo likiporomoka ghafla, aghalabu mwalimu wake aliondoka na hajapatikana mwingine.

Ukifanya hesabu hii kwa shule ya kata yenye watahiniwa 150, mwalimu mmoja wa fizikia na watoto wanaotembea kilomita kadhaa asubuhi, utaona kitu ambacho orodha ya kumi bora haikuonyesha kamwe. Divisheni tatu ya pale, pointi 22 hadi 25, inaweza kuwa na mafundisho mengi ndani yake kuliko divisheni wani ya mtoto aliyechujwa mara tatu.

Niseme pia ukweli wa mezani. Nafasi humleta mzazi ofisini, ila siyo inayomfanya asaini. Nimeona wazazi wakiiacha shule ya kumi bora kwa sababu shangazi anakaa karibu na nyingine, au ada inalipwa kwa awamu nne badala ya mbili, au matroni alimjibu mtoto vibaya getini. Nawaambia wasione haya kwa sababu hizo. Shangazi aliye karibu mtoto akiugua malaria ana thamani ambayo NECTA haiwezi kuikokotoa.

Kuficha nafasi hakutoshi, kwa kuwa wazazi wataendelea kuzitengeneza. Kila mwanafunzi leo ana namba ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, anayotoka nayo shule ya msingi, na uhamisho wake hupitia mfumo huohuo. Baraza linaweza kujua nani alianza kidato cha kwanza wapi na alimalizia wapi. Naliomba liongeze safu moja kwenye ukurasa wa matokeo ya kila shule, kando ya waliosajiliwa na waliofanya: walioanza kidato cha kwanza hapa.